Meli Zilizotumwa Kukaa Baharini na Kuangalia Mawingu

  Wiki hii ni zamu ya historia.

Jambo hili lilianza na mahindi. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mvua ya nguvu, hadi maji yakaingia ndani ya nyumba. Wengi wetu tulisema basi, msimu umeanza, tukapanda. Alafu jua likawaka wiki tatu. Mahindi yaliyochipuka yakakauka, na yale ya chini ya udongo yakaliwa na panya. Mama mmoja jirani yetu akatuuliza, "Nyinyi wenye simu, si hiyo simu inasemaga mvua? Kwa nini haikusema?"

Hatukuwa na jibu. Tukaanza kutafuta: simu inajuaje mvua? Nani anaiambia? Tulitafuta jioni baada ya jioni, tukajikuta tumefika mbali, hadi katikati ya bahari ya Atlantiki wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kumbe kulikuwa na meli ambazo hazikubeba mizigo wala hazikwenda popote. Kazi yao ilikuwa kukaa mahali pamoja baharini, kupima hewa na kutuma namba kwa redio. Na watu waliokuwa ndani walikufa kwa ajili ya namba hizo.

Kwanza tuelewane kuhusu utabiri wenyewe. Hali ya hewa husafiri. Ukiwa shambani ukitaka kujua kama mvua itakufikia, unampigia simu mtu aliye upande ule wingu linakotoka. Akisema "huku inapiga sana", unaanika mihogo yako au unaianua? Unaianua. Huo ndio utabiri. Wataalamu wanafanya hivyohivyo, ila wao wanawauliza watu wengi kwa saa moja: joto likoje kwako, upepo unatoka wapi, mgandamizo wa hewa kwenye barometa unapanda au unashuka. Wanachora majibu yote kwenye ramani, na ramani inaonyesha dhoruba iko wapi na inakwenda wapi.

Sasa huko Ulaya, hali ya hewa mara nyingi inatoka magharibi kwenda mashariki. Maana yake inatoka baharini. Na baharini hakuna kijiji cha kupigia simu. Kabla ya vita tatizo hilo lilitatuliwa na meli za biashara. Zilikuwa zinapita kila siku kati ya Marekani na Ulaya, na nahodha alikuwa anatuma kwa redio habari za upepo na mawimbi ya pale alipo.

Vita ilipoanza Septemba 1939, meli zikanyamaza. Sababu ni moja: redio inakusema. Adui mwenye vyombo vya kusikiliza anaweza kujua sauti inatoka upande gani, na akisikiliza kutoka sehemu mbili anajua uko wapi. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinawinda meli, kwa hiyo kila nahodha alifunga mdomo.

Hapa wengi wetu hatuhitaji maelezo marefu. Wale waliotembea usiku kutoka upande wa Yei, na wale waliotoka Ituri, wanajua. Unazima simu. Huwashi moto hata kama mtoto ana njaa. Mtoto akilia unamziba mdomo kwa kiganja. Kusema ni kuonyesha uko wapi.

Hali ya hewa yenyewe ikawa siri ya serikali. Uingereza, utabiri wa kila siku uliondolewa kwenye redio na magazeti tangu 1939, ukarudi 1945. Mtu akisema Jumatatu kutakuwa na anga safi juu ya London, amemsaidia rubani wa ndege ya mabomu ya adui. Hebu fikirieni, ndugu. Hata kusema "kesho jua" ilikuwa siri ya vita.

Lakini sasa bahari yote ikawa tundu kwenye ramani. Ndege na misafara ya meli ilitaka utabiri kuliko wakati wowote, na wale waliokuwa wanatoa habari wamenyamaza. Ndipo likaja wazo la kutuma meli ambazo zitakubali kusema.

Marekani walianza mapema, kabla hawajaingia vitani. Januari 1940 Rais Roosevelt aliagiza meli za walinzi wa pwani ziende kukaa kati ya visiwa vya Bermuda na Azores kupima hali ya hewa. Waingereza nao walichukua meli mbili za biashara, Arakaka na Toronto City, wakazipeleka Atlantiki kwa kazi hiyohiyo.

Kazi ilikuwa hivi. Meli inapewa alama kwenye ramani, inakwenda, inabaki palepale wiki kadhaa. Mara kadhaa kila siku, mchana na usiku, watu wanapanda juu kupima joto, upepo, mgandamizo wa hewa, mawingu na urefu wa mawimbi. Wengine wanarusha puto angani kuona upepo wa juu unavyokwenda. Dhoruba ikija, meli za kawaida zinaikwepa. Hizi zinaisubiri, kwa sababu dhoruba ndiyo habari yenyewe. Alafu namba zinatumwa kwa redio. Yaani meli haiendi popote, na kila baada ya saa chache inamwambia kila mwenye masikio kwamba mimi niko hapa.

Wajerumani walikuwa na shida kubwa zaidi. Wao wako mashariki, hali ya hewa inawafikia mwisho, na Atlantiki ilikuwa mikononi mwa wapinzani wao. Basi wakachukua meli ndogo za kuvulia samaki, wakazituma kaskazini kwenye baridi kali, karibu na Iceland na kisiwa cha Jan Mayen. Ndani ya kila moja waliweka watu wa hali ya hewa, redio, na mashine ya Enigma, ile ya kugeuza maneno kuwa siri.

Sasa sikilizeni. Kule Bletchley Park, Uingereza, palikuwa na kijana wa miaka 22 anaitwa Harry Hinsley. Alikuwa ameacha masomo ya chuo kikuu kwa ajili ya kazi ya kusoma siri za adui. Alifikiri hivi: meli hizi ndogo zinakaa baharini wiki nyingi. Basi lazima zibebe funguo za siri za mwezi huu pamoja na za mwezi ujao. Zikishambuliwa, mabaharia watatupa mashine majini pamoja na karatasi zilizo mezani. Lakini za mwezi ujao zitakuwa zimefungwa kabatini, na watasahau au watakosa muda.

Ikawa kweli. Tarehe 7 Mei 1941 manowari za Uingereza ziliikamata meli ya hali ya hewa München. Mabaharia waliitupa Enigma baharini, lakini karatasi za Juni zilipatikana. Tarehe 28 Juni wakaikamata nyingine, Lauenburg, wakapata za Julai. Kwa miezi hiyo miwili Waingereza waliweza kusoma ujumbe wa jeshi la majini la Ujerumani karibu kwa kasi ileile ya wenyewe, na misafara ya meli ikaelekezwa mbali na nyambizi. Mlango wa siri kubwa kabisa ya vita ulifunguliwa kupitia wavuvi waliotumwa kupima upepo.

Lakini msifikiri kwamba upande mmoja tu ulilia. Wakati huohuo, Juni 1941, nyambizi ya Ujerumani iliizamisha Arakaka. Kama siku kumi baadaye Toronto City nayo ikazamishwa. Katika meli hizo mbili hakurudi mtu hata mmoja.

Na Marekani walikuwa na Muskeget. Septemba 1942 ilikuwa zamu yake kukaa kwenye kituo. Tarehe 9 ikanyamaza. Meli iliyokuja kupokea zamu haikuikuta, bahari tupu. Watu 121 walipotea. Baada ya vita, kumbukumbu za Wajerumani ndizo zilizoonyesha kwamba nyambizi U-755 iliipiga.

Kati ya hao 121, wanne hawakuwa wanajeshi. Walikuwa raia, wafanyakazi wa idara ya hali ya hewa waliopanda meli na vipima joto vyao. Wanajeshi wana utaratibu wa nishani na makaburi. Raia hawa wanne hawakuwa na daftari la kuingizwa. Ni mwaka 2015, yaani miaka 73 baadaye, ndipo serikali ya Marekani ilipowapa nishani ya Purple Heart, ile ya waliouawa au kujeruhiwa na adui. Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo. Sisi ni wa kujitolea. Tunajua maana ya kufanya kazi pamoja na wenye mikataba na vitambulisho shingoni, alafu orodha ikisomwa jina lako halimo. Lakini miaka 73!

Mtauliza, na Afrika Mashariki je? Hatukupata habari ya meli ya namna hiyo kwenye bahari yetu wala kwenye maziwa yetu. Lakini tulikuwa ndani ya jambo hili. Waingereza walikuwa wameanzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake Nairobi, mkuu wake Albert Walter, mtaalamu aliyetoka Mauritius. Ilihudumia Uganda, Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Rhodesia ya Kaskazini, na vita ilipokuja ikawa na kazi ya ndege za jeshi.

Na vijana wa West Nile walikwenda baharini. Wazee wa hapa bado wanataja askari wa Keya, ndiyo KAR, waliochukuliwa hadi Burma kupigana na Wajapani. Kiswahili chenyewe, huku Arua na Koboko, kwa sehemu kubwa kiliingia na jeshi hilo. Njia ya kwenda Burma ilikuwa Mombasa hadi Colombo kwa meli. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Wajapani, ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia walikuwamo. Hiyo haikuwa meli ya hali ya hewa. Tunaitaja ili mwelewe kwa nini manahodha walinyamaza, na kukaa mahali pamoja na kusema kwa redio kulikuwa kitu gani.

Faida yake ilionekana mwaka huohuo. Nchi zilizoungana dhidi ya Ujerumani zilipanga kuvuka bahari kuingia Ufaransa tarehe 5 Juni 1944. Wanajeshi zaidi ya 150,000 walikuwa tayari. Mkuu wa watabiri, James Stagg, alitazama ramani yake akasema hapana, dhoruba inakuja. Habari moja muhimu ilitoka Blacksod, ncha ya magharibi ya Ireland, kwa msichana wa posta anaitwa Maureen Flavin, ambaye siku hiyo, tarehe 3 Juni, alikuwa anatimiza miaka 21. Alisoma barometa ikishuka vibaya. Walimpigia simu kumwomba asome tena, akasoma tena, ikawa ileile. Safari ikasogezwa siku moja. Baadaye namba zikaonyesha kwamba dhoruba itatulia kidogo tarehe 6, wakavuka.

Wajerumani hawakuuona utulivu huo ukija. Meli zao zilishatekwa au kufukuzwa, bahari upande wao ilikuwa tundu. Jenerali wao Rommel aliona hali mbaya ya hewa, akaenda nyumbani kwa sikukuu ya kuzaliwa ya mke wake. Maureen mwenyewe alikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba namba zake zilizuia watu kuingia kwenye dhoruba.

Kuna kisa cha mwisho cha Wajerumani ambacho kimetugusa. Waliposhindwa na meli, walipeleka watu nchi kavu kwenye barafu. Septemba 1944 watu 11 walishushwa Svalbard, mbali kaskazini, kupima hali ya hewa. Mei 1945 vita ikaisha. Nchi yao ikasalimu amri, watu wakaanza kurudi makwao, lakini hao 11 hakuna aliyekuja kuwachukua. Mei ikapita, Juni, Julai, Agosti. Mwanzoni mwa Septemba meli ya Wanorwei ya kuwinda sili ilifika, na wao wakasalimu amri kwa wawindaji. Wanahesabiwa kuwa wanajeshi wa Ujerumani wa mwisho kusalimu amri. Kusubiri mahali ambapo wengine wamesahau kwamba uko, hilo nalo tunalijua.

Tuliposoma haya kwenye kikundi, mwenzetu mmoja alikataa. Akasema, "Lakini hao si walikuwa wanasaidia vita? Namba zilezile ziliongoza ndege za mabomu. Kwa nini tuwasifu?" Tulibishana hadi taa ya sola ikaisha. Alikuwa na haki. Rubani anayejua anga iko safi anaangusha bomu vizuri zaidi. Namba haijui anayeitumia.

Ila tulimjibu kwa yaliyofuata baada ya vita. Mwaka 1946 nchi za pande zote za Atlantiki zilikubaliana kuweka vituo 13 vya meli za hali ya hewa, na safari hii zinasema wazi, kwa kila mtu, bila siri. Oktoba 1947 ndege ya abiria, Bermuda Sky Queen, ilipambana na upepo hadi mafuta yakakaribia kuisha juu ya bahari. Rubani akaitafuta meli ya hali ya hewa iitwayo Bibb, akatua majini karibu nayo. Watu wote 69 wakaokolewa, wakiwemo watoto. Kama meli isingekuwa pale, wangetua kwenye maji matupu. Kazi ileile, vyombo vilevile, lakini sasa ni ya kuokoa.

Mwaka 1960 satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilianza kupiga picha za mawingu kutoka juu, na polepole meli zikarudishwa nyumbani. Ya mwisho kwenye Atlantiki, Polarfront ya Norwei, iliacha kituo chake mwanzoni mwa 2010.

Sasa turudi kwa yule mama na mahindi yake. Simu inasema mvua kwa kuchanganya picha za satelaiti, hesabu za kompyuta, na vipimo vya watu walio chini. Satelaiti inaona wingu kwa juu, lakini kiasi cha maji kilichofika ardhini ni lazima mtu au chombo kikipime. Na mahali penye vita, vipimo vinakufa. Miaka mirefu ya vita kusini mwa Sudan ilivunja vituo vingi vya mvua ambavyo vilikuwa vinafanya kazi zamani. Mashariki ya Kongo hali haina tofauti kubwa. Mtu anayesoma kipimo anakimbia kama sisi tulivyokimbia, na daftari linabaki. Kwa hiyo hapa tulipo, Arua ina kituo chake cha hali ya hewa, lakini ng'ambo ya mpaka huku na huku kuna matundu kwenye ramani. Ni yaleyale ya Atlantiki mwaka 1939, tofauti ni kwamba haya ni ya nchi kavu. Ndiyo sababu mojawapo simu ilimkosea mama.

Sisi hatuna meli. Tumekata chupa ya plastiki, tumeiwekea rula, tumeifunga kwenye mti mbali na bati. Kila asubuhi saa moja mmoja wetu anasoma na kuandika kwenye daftari. Tumeshakosa siku nne, tunakiri: mbili mtu alikuwa na malaria, mbili ni uvivu. Siku hizo tumeziacha wazi, hatukubuni namba, kwa sababu namba ya uongo ni mbaya kuliko tundu.

Kwenu wa mashirika tuna neno moja, kwa heshima. Kuna msimu mbegu zilitufikia mvua ya kupandia ikiwa imeshapita. Hatumtaji mtu. Lakini kama mngekuwa na madaftari kama hili kutoka kila kitongoji, mngejua mapema zaidi lini mlete, na sisi tungejua lini tungoje. Tuulizeni. Hatuko kimya kwa sababu ya nyambizi.

Na wewe kijana unayesoma Lobule, au upande wa Nile kule Rhino Camp: tafuta chupa, rula na daftari, uanze kesho asubuhi. Tutumie namba zako kila Jumapili, tutaziandika pamoja na zetu, na jina lako pembeni. Tusingoje miaka 73.

 Wiki ijayo dada zetu wa kundi la pili wataandika kuhusu meli za Ziwa Albert.